Fildi ya nyumbani: kisa cha mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyepangwa kwenye kata yake

Kisa hiki ni cha mwanafunzi wa shahada ya ustawi wa jamii, nitamwita Bi M. Mwenyewe ameridhia kiandikwe. Yale yanayoweza kumtambulisha yeye, chuo chake, halmashauri yetu na hasa mteja aliyemo ndani ya kisa nimeyabadili au nimeyaacha, kwa kuwa jalada la shauri lenyewe halijafungwa. Nawaandikia wanaoomba vyuo msimu huu na wazazi wanaowalipia. Wengi wao hulikumbuka suala la fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, pale barua za utambulisho zinapoanza kugawiwa, na wakati huo mambo makubwa yameshaamuliwa.

Karatasi

Mimi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Bi M. alinijia ofisini mwezi wa nane, kabla hajaripoti chuo. Nilimfahamu tangu alipokuwa akijitolea kwenye shirika dogo la watoto hapa mjini. Alikuwa akituletea watoto waliokutwa stendi usiku, aliandika taarifa fupi zinazoeleweka, na hakuwa na tabia ya kuwaahidi watu vitu. Ana stashahada ya ustawi wa jamii, umri miaka 26. Baada ya shikamoo na kuulizana hali akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mama, naomba unisomee huu mpango wangu kabla sijajifunga."

Ulikuwa mpango wa miaka mitatu, na sehemu kubwa ulikuwa mzuri kuliko mingi ninayoletewa. Sababu ya kutaka shahada ilikuwa wazi: kwa stashahada angeajiriwa serikalini kama msaidizi wa ustawi wa jamii, naye alitaka nafasi ya Afisa Ustawi wa Jamii Daraja la II. Alikuwa amehakikisha GPA yake, yaani wastani wa alama, inazidi 3.0 inayotakiwa kwa wanaotoka stashahada. Mdogo wake, anayemaliza kidato cha sita, alikuwa ameshamweleza kwamba yeye atahitaji kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4. Na hakuwa amechanganya ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii. Hilo ni kosa la kila mwaka. Mtu anaomba kozi moja akidhani ni nyingine, anakuja kushtuka kwenye tangazo la ajira. Maendeleo ya jamii wana chuo chao Tengeru na kazi yao ni vikundi, mikopo ya halmashauri na miradi ya wananchi. Sisi shughuli yetu ni mtoto aliyetelekezwa, ndoa iliyovunjika, mzee asiye na mtu, kijana aliyekinzana na sheria. Tunakaa jengo moja, mara nyingine meza moja, lakini taaluma ni mbili.

Vyuo alivyovilinganisha vilikuwa vinne. Kimojawapo ni Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 26 ya mwaka 1973, ambacho ndicho kimewasomesha wakubwa wengi katika fani hii. Kingine ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chenye shahada ya ustawi wa jamii ndani ya idara ya sosholojia. Alikifikiria pia Chuo Kikuu Huria, kwa kuwa angeweza kusoma huku akiendelea kujitolea. Akakiacha kwa sababu niliyoiona ya maana: alisema anajijua, akikaa nyumbani hatosoma, atatumwa. Chuo alichokichagua hatimaye sikitaji.

Chini kabisa ya karatasi, baada ya ada, chakula, malazi, bima na "vitabu na fotokopi", kulikuwa na mistari miwili:

"Fildi mwaka wa 1: kwa shangazi, 0. Fildi mwaka wa 2: kwa shangazi, 0."

Sifuri zile ndizo kisa chenyewe.

Tusimcheke. Kwa mwanafunzi anayejisomesha, sifuri mbili katika mwezi wa saba na wa nane ni unafuu mkubwa. Kwa shangazi hakuna kodi, kuna chakula, na ofisi ya kata ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Bodi ya Mikopo, kwa miongozo ya miaka ya karibuni, humpa mwanafunzi aliyepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56 kwa mwaka, yaani 560,000. Akila kwa shangazi, pesa ile yote inaingia kwenye ada ya mwaka unaofuata. Alikuwa ameshaipangia hivyo, na hesabu ilikuwa inakubali.

Nilimuuliza maswali mawili tu. La kwanza: ukikaa pale mezani, atakayeingia mlangoni utakuwa unamjua? Akacheka, "Mama, mji wenyewe mdogo huu." La pili: nani atakusimamia, na atakusikiliza lini? Hilo hakuwa na jibu lake, wala karatasi haikuwa na mstari wake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunionyesha mpango wenye mstari huo.

Wiki ya tatu

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Barua ya utambulisho ilikwenda kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ikashuka kwetu, na kwa kuwa aliandika anuani ya shangazi, wakampanga kata ya shangazi. Kwa utawala ni jambo la kawaida: mwanafunzi hawezi kupewa nauli, basi apangwe karibu na anapolala. Mimi nikawa msimamizi wa kituo. Chuo kikamteulia mhadhiri awe msimamizi wa upande wao.

Ofisi ya ustawi ngazi ya kata ni chumba kimoja, benchi moja nje, kabati moja lenye kufuli na madaftari. Mashauri yanayoingia kwa wingi ni matunzo ya watoto. Kila mtu anaijua kauli ya mtaani, "Nitakupeleka ustawi!", na ni kweli wanaletana. Mama anakuja na mtoto mgongoni, anaeleza, tunamwandikia baba wito kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, wanakutanishwa, wanakubaliana kiasi. Wakishindwana, au mmoja akigoma, tunawaelekeza Mahakama ya Watoto, ambayo chini ya Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 ina uwezo wa kutoa amri ya matunzo. Baba wengi hutuma kwa simu siku hizi. Wengine bado wanapenda kuleta mkononi, na ofisi inaandika kwenye daftari: tarehe, kiasi, sahihi ya aliyetoa, sahihi au dole gumba la aliyepokea.

Wiki mbili za kwanza Bi M. alikaa pembeni akisikiliza. Wiki ya tatu nikamwachia mahojiano ya awali, mimi nikiwa chumba kile kile nikijaza taarifa ya robo mwaka. Akaingia dada mmoja mwenye mtoto wa miezi kama tisa. Analalamikia baba wa mtoto: tangu kujifungua ametoa pesa mara mbili, kisha akazima simu.

Kila mwanafunzi ninayemsimamia lazima aandike kumbukumbu ya mazungumzo, walau moja kwa wiki. Ukurasa unagawanywa safu tatu: alichosema mteja, nilichosema mimi, nilichohisi. Safu ya tatu wanaichukia. Ya siku ile ilisomeka hivi katikati:

Mteja: "Samahani dada, wewe si wa ile nyumba ya bati jekundu, kwa Mama fulani?"
Mimi: "Ndiyo, lakini hapa tuko ofisini. Endelea tu."
Nilichohisi: (tupu)

Baada ya pale majibu ya mteja yalifupika. Umri wa baba? "Sijui." Anaishi wapi? "Huko huko." Alipoulizwa jina, akataja jina moja tu, la utani. Ukisoma ukurasa ule kuanzia juu unaona dada wa watu alivyoingia na maneno mengi akatoka na machache, na mahali yalipokatika panaonekana kama ulivyochora mstari kwa kalamu nyekundu.

Ijumaa tulipokaa nikamwambia ajaze ile safu iliyo tupu. Akaandika neno moja: "Niliogopa." Nikamuuliza aliogopa nini. Ndipo akaeleza. Jina lile la utani alilitambua. Mlalamikiwa ni mdogo wake mume wa shangazi. Anakuja pale nyumbani Jumapili, wanakula sahani moja.

Kufikia hapo haikuwa aibu kubwa. Ilikuwa mgongano wa kawaida wa mji mdogo, na dawa yake inajulikana. Bahati mbaya kulikuwa na jingine. Juzi yake, jioni, shangazi alikuwa amemuuliza huku wakichambua mchele: "Mwanangu, eti yule binti wa kule bondeni alikuja kwenu? Kashtaki nini?" Bi M. hakusema kitu. Alijibu tu, "Shangazi, mambo ya ofisini siyazungumzi nyumbani." Ni jibu sahihi kabisa, ndilo tunalolifundisha. Lakini shangazi alilisikia kwa namna nyingine. Kama asingekuja, si ungesema hakuja? Kufika Jumamosi mlalamikiwa alikuwa ameshapata habari kwamba kuna wito unamjia, akaenda zake shamba kwa mama yake kabla wito haujaandikwa.

Na mteja hakurudi tarehe aliyopangiwa.

Hapa siri haikuvuja

Nilipolisimulia shauri hili kwenye kikao cha wasimamizi, wenzangu wawili walisema mara moja: mwanafunzi kavujisha. Sikubaliani nao, na nadhani hapo ndipo penye uzito wa kisa.

Tunawafundisha wanafunzi kutunza siri kana kwamba siri inakaa mdomoni: usiseme, imetunzwa. Katika kata ya watu wanaojuana, siri inakaa mahali pengi. Iko kwenye benchi la nje, wanapokuona umekaa. Iko kwenye sura ya mtu aliye upande wa pili wa meza. Bi M. hakufungua mdomo, lakini kuwapo kwake pale kulitosha kumwambia mteja kwamba neno lake linaweza kufika nyumba ya bati jekundu, na kunyamaza kwake jioni kulitosha kumwambia shangazi kwamba kuna jambo. Angefanya nini tofauti akiwa pale pale? Angedanganya? Mwanafunzi mwenye tabia njema kuliko wote nchini, akipangwa kwenye kata ile, angeishia mahali hapo hapo.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa la mpangilio, na mpangilio uliamuliwa siku ile sifuri zilipoandikwa. Uamuzi wa kitaaluma ulivaa nguo za uamuzi wa bajeti.

Mwenzangu mmoja alihoji: basi afisa aliyezaliwa hapa asifanye kazi hapa? Swali la haki. Mimi mwenyewe nina ndugu katika kata mbili kati ya ninazozihudumia. Tofauti ni kwamba mimi nina pa kulipeleka shauri. Nikimwona shemeji mlangoni, namkabidhi mwenzangu siku hiyo hiyo, na watu wameshazoea kwamba ndugu zangu siwahudumii. Nimekuwapo miaka mingi, wananijua nikoje na siri. Mwanafunzi wa wiki nane hana sifa hiyo, hana mwenzake wa kumpokea, na zaidi ya yote anaishi chini ya paa la watu anaowategemea kwa chakula. Mkubwa anayekupa chakula huwezi kumjibu kila siku "mambo ya ofisini".

Nitaongeza jambo la kisheria hapa kwa sababu wanafunzi hulichanganya. Siri ya mteja ina mpaka. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ingekuwa dada yule amesema mtoto anapigwa, Bi M. asingekuwa na hiari ya kunyamaza mbele yangu, undugu au si undugu, na tungelifikisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hapa hapakuwa na hatari ya namna hiyo. Palikuwa na mama anayetaka pesa ya maziwa.

Tulivyolishika jalada

Jumatatu Bi M. aliandika barua fupi ya kujitoa, nusu ukurasa, ikaingia ndani ya jalada: anatangaza uhusiano wake na mlalamikiwa, anasema kuanzia tarehe hiyo hatasoma wala kugusa jalada lile. Niliisaini. Wanafunzi wengine hudhani barua kama hiyo ni kukiri hatia. Siku shauri likifika mahakamani, hakimu akauliza nani alimhoji mama huyu na kwa nini aliacha, jalada linajibu lenyewe.

Shauri nililichukua mimi, kisha nikamkabidhi afisa mwenzangu wa makao makuu ya halmashauri. Mteja tulimfuata kwa njia isiyopita mtaani: siku ya kliniki ya mtoto. Muuguzi alimwambia tu kwamba akipenda anaweza kuonana na afisa mwingine, ofisi nyingine, siku anayotaka. Alikuja baada ya muda. Zaidi ya hapo siandiki.

Bi M. nilimhamishia kazi za wiki zilizobaki: wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wanaohitaji barua za msamaha wa matibabu, na ziara za nyumbani katika kata ya pili. Huko alifanya vizuri sana. Kuna mzee mmoja alimtembelea, akachora mchoro wa ukoo wake wa vizazi vitatu kwenye karatasi moja, akagundua mzee ana mtoto wa kike yuko Tabora ambaye kila mtu alikuwa amemsahau kwa sababu wote waliuliza habari za watoto wa kiume tu. Simu moja ikapigwa. Hilo halikuandikwa kwenye fomu yoyote ya tathmini, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Msimamizi wa chuo alikuja mara moja, kama ilivyopangwa, akakagua daftari la kumbukumbu za kila siku, akauliza kama mwanafunzi anawahi kazini, akaenda kwa mwanafunzi mwingine wilaya jirani. Simlaumu mtu, mhadhiri mmoja anapewa wanafunzi wa mikoa miwili na siku chache za kuwazungukia. Lakini anayepanga shahada yake ajue hivyo mapema. Atakayekufundisha fildini ni yule wa kituo, au hakuna.

Na usimamizi ninaouzungumzia si kusaini mahudhurio. Una kazi tatu ndani yake. Ya kwanza ni kuhakikisha mteja haumizwi na mtu anayejifunza. Ya pili ni kumfundisha: kwa nini uliuliza swali lile pale, lingine lingefanya nini. Ya tatu ni kumshikilia mwanafunzi mwenyewe asibebe nyumbani yale aliyoyasikia, maana wengine wana miaka 21 na hawajawahi kumsikia mtu mzima akisimulia alivyobakwa. Kazi hizi zinahitaji saa moja ya kukaa, kila wiki, mlango umefungwa. Bila saa ile, safu ya tatu ya Bi M. ingebaki tupu, na sisi tungejua miezi mitatu baadaye kwamba mteja alipotea, tusijue kwa nini.

Kupanga upya

Mwezi wa kumi, kabla ya mwaka wa pili kuanza, tulikaa na karatasi mpya. Safari hii tulianza chini kupanda juu. Swali la kwanza: anataka kufanya kazi wapi? Alijibu hospitali. Alipenda ile kazi ya wazee na misamaha, akataka kuiona ikifanyika kwa upana. Basi fildi ya pili iwe kitengo cha ustawi wa jamii katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na iwe mkoa mwingine. Pale ataona mgonjwa aliyeletwa na wasamaria bila jina, mama aliyeruhusiwa asiye na pa kwenda, familia isiyoweza kulipa bili ikamkimbia mgonjwa wodini. Tulijadili pia mahabusu ya watoto, ambazo ziko katika miji michache kama Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kuandika ripoti ya kijamii kwa ajili ya mahakama. Nafasi zake hujaa mapema, na mwanafunzi asiyevutiwa na kazi ya mahakama atapoteza nafasi ya mwenzake.

Swali la pili: nani atasimamia? Hapa nilimlazimisha apige simu kabla ya kuomba chochote. Aliwapigia maafisa wa hospitali mbili. Wa kwanza alisema aje tu, wanafunzi wako wengi, watapangiana. Wa pili alimuuliza, "Umeshawahi kuandika kumbukumbu ya mazungumzo?" Hakukuwa na haja ya kufikiri sana.

Swali la tatu ndilo lile la pesa, na sasa sifuri iliondoka. Chumba mtaani karibu na hospitali 40,000 kwa mwezi, miezi miwili 80,000. Chakula 5,000 kwa siku kwa siku 56, jumla 280,000. Daladala kwenda na kurudi 1,200 kwa siku 40 za kazi, 48,000. Basi la mkoani kwenda na kurudi 60,000. Kuchapa na kujalidi ripoti 30,000. Inafika 498,000. Fungu la 560,000 linatosha na linabakiza 62,000, kwa sharti moja: awe na akiba ya wiki mbili za mwanzo, kwa sababu mwenye nyumba hasubiri fedha iingie kwenye akaunti. Pengo likahamia kwenye ada ya mwaka wa tatu. Aliliziba kwa kufundisha masomo ya ziada Dar es Salaam jioni, muhula mzima, na alipungua uzito. Nalitaja ili mtu asidhani kuhama nyumbani kulikuwa bure.

Kuna vyuo duniani ambako mwanafunzi anasoma siku tatu na kwenda kituoni siku mbili, mwaka mzima. Sisi kwa kawaida tunakwenda kwa mkupuo wakati wa likizo ndefu. Kwa nchi kubwa kama yetu mkupuo una mantiki yake, la sivyo wote wangebanana Dar es Salaam. Ila una hasara moja inayopaswa kuingia kwenye mpango: shauri halimaliziki kwa wiki nane. Jalada la matunzo linaweza kuishi mpaka mtoto afikishe miaka 18. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeanza na mteja wiki ya pili lazima aanze kuagana naye wiki ya sita, amtajie nani atampokea, na ikiwezekana wakae wote watatu. Wengi hutoweka tu. Ijumaa ya mwisho wanapiga picha na wafanyakazi, Jumatatu mteja anakuja na kuambiwa yule dada ameondoka. Mteja aliyewahi kutelekezwa anatelekezwa tena, safari hii na ofisi ya ustawi.

Hilo tuliliandika kwenye makubaliano ya mafunzo ya Bi M. Fomu ya chuo ilikuwa na nafasi ya "malengo", ya mistari minne. Akaongeza karatasi yake: mashauri yasiyozidi matano mkononi kwa wakati mmoja, kumbukumbu mbili za mazungumzo kwa wiki, saa moja na msimamizi kila Ijumaa, ikiahirishwa ihamie Jumatatu asubuhi, kutangaza mapema undugu au ujirani na mteja yeyote, makabidhiano kuanzia wiki ya sita. Msimamizi wa hospitali alisaini, akakata kimoja: kumbukumbu mbili akazifanya moja, akisema mbili zitaandikwa kwa kulipua. Alikuwa sahihi.

Nimeulizwa kama saa zenyewe zinatosha. Wiki nane za siku tano, saa nane kwa siku, ni saa 320. Mara mbili, 640. Marekani shahada ya kwanza ya fani hii inataka saa 400 kwa uchache, kwa hiyo kwa hesabu tupu hatuko nyuma. Vigezo vya kimataifa vya elimu ya ustawi wa jamii, vilivyotolewa upya mwaka 2020, havikazanii idadi. Vinadai muda na uzito wa kazi viwe vya kutosha kumwandaa mtu. Mwanafunzi aliyetumwa chai kwa saa 640 ana saa 640. Anayetaka kusoma zaidi nje ya nchi ahifadhi daftari lake la kumbukumbu na barua ya msimamizi inayotaja alifanya nini hasa, maana cheti hakisemi.

Fildi ya hospitali ilikwisha salama. Sasa Bi M. yuko mwaka wa tatu, na utafiti wake unahusu baba wanaoacha kulipa matunzo baada ya miezi ya kwanza. Wiki iliyopita alinipigia akiomba kutumia daftari letu la malipo. Nimemjibu alete barua ya chuo na kibali cha Mkurugenzi. Tarehe na viasi tutamnakilia, safu ya majina itafunikwa, na kurasa za kata ya shangazi hazitakuwemo.